Siku Jina Langu Liliposomwa Redioni

Dzaleka, Malawi

Kwa Mama yangu Feza,

Kabla ya salamu, neno moja kwa wewe unayemsomea Mama barua hii. Tafadhali inuka ufunge mlango. Kama kuna mgeni nyumbani, weka hizi karatasi chini ya godoro, ongeeni habari za mvua mpaka aende zake. Kisha ukae upande wa kuume wa Mama, maana sikio lake la kushoto halisikii vizuri, usome pole pole na kwa sauti ya chini.

Sasa Mama, yambo. Yambo sana. Uko namna gani? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kutoka shamba? Mihogo imeota, ama waliopita njia wameing'oa tena? Nikilala nakuona umeinama na jembe pale kwenye bonde la Kiliba, na nikiamka namwomba Mungu nilichokiona kiwe kweli.

Sisi huku tunapumua. Sifa amekua, bega lake liko sawa na langu, na anaongea Kichewa kuliko watoto wenye nchi. Yosua ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka bila haya. Tunakula nsima, ule ugali mweupe wa hapa, pamoja na maharagwe. Mi nashona. Nilipewa masini ya kushonea na kanisa, nimeiweka chini ya paa la nyasi karibu na ukuta wa gereza la zamani, na bamama wananiletea vitenge na sare za kwaya.

Mama, anayekusomea ataona herufi zangu zimepinda. Sikuwa hivyo shuleni, unakumbuka. Nina woga ambao sijawahi kuwa nao hata siku ile tulipokimbia, kwa sababu siku ile woga ulikuwa nyuma yangu na mi niliuacha kwa miguu. Huu wa sasa umenifuata mpaka huku, umenitafuta kwa jina, na sikusikia hata hatua zake. Na umefika mpaka kwako. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Ilianza na redio. Hapa kambini kuko mzee mmoja wa Fizi mwenye redio kubwa, na kila Jumapili tukitoka ibada watu wanajaa kwenye uwanja wake. Kuna kipindi cha Kiswahili kinachosoma majina ya watu waliopotezana katika vita. Fulani, binti wa fulani, wa kijiji fulani, yuko mahali fulani, anamtafuta fulani. Basi. Hakuna muziki, hakuna maneno mengine, ni majina tu, na watu wazima wanakaa kimya kuliko wanavyokaa wakati wa mahubiri. Mama mmoja wa Bukavu alisikia jina la mtoto wake aliyekwisha kumlilia matanga. Alianguka pale pale. Leo mtoto yuko naye, anauza nyanya hapo sokoni.

Baada ya kuona hivyo, nani angekaa? Nilikwenda kwenye biro, ile ofisi ya wale wanaotafuta waliopotea, nikapewa fishi, ni karatasi yenye maswali, nikajaza yote. Jina langu. Jina la baba yangu, marehemu Mukiza. Jina lako. Kijiji. Watoto nilio nao. Ninayemtafuta: Zakaria, mume wangu, aliyerudi nyuma kumchukua baba yake siku ile milimani tukasikia risasi, na tangu siku hiyo sijamwona. Mwishoni waliuliza, utapatikana namna gani? Nikaandika namba ya simu ya Faustin.

Faustin ni mtu wa Bukavu, alikuwa fundi wa redio huko. Ana simu ya mkononi, haina waya, nzito kama tofali. Hapa chini haishiki. Lazima upande kilima nyuma ya kambi, kwenye mwamba mmoja, hapo njo rezo, ule mtandao wa simu, inapatikana. Mama, ungekuja Jumamosi ungeona maajabu. Watu wanavaa nguo za kanisani kwenda kuongea na mtu asiyewaona. Mzee mzima anainama na kuvua kofia mbele ya simu, kwa sababu anayeongea ni mkwe wake. Kijana mmoja alimpigia mchumba wake Kigoma, akapokea mwanaume, na kijana akashuka kilima kama amebeba gunia. Na vifo, Mama! Zamani habari ya kifo ilitembea mwaka mzima kabla ya kukufikia, na ule mwaka marehemu alikuwa bado anaishi kwako, ulikuwa unamwombea afya. Sasa mtu anazikwa kule asubuhi, na mchana huku tunalia.

Sikatai, tulifurahi. Niliona dunia imekuwa kijiji kimoja. Sikufikiri kwamba kijijini hata mwizi anajua mlango wako.

Jumapili moja nikasikia jina langu. Msomaji alilitamka vizuri sana, kama mtu anayenijua. Nabintu, binti wa Mukiza na Feza, mzaliwa wa Kiliba, yuko kambi ya Dzaleka, Malawi, pamoja na watoto wake wawili, anamtafuta mume wake Zakaria. Kisha akasoma namba ya simu, mara mbili, taratibu, ili watu waandike. Uwanja wote ulipiga makofi. Bamama walinikumbatia. Wiki ile kila nilikopita watu walisema, "Tulikusikia!" Niliona fahari, sitaficha. Mimi, mshona nguo, jina langu lilikuwa limeruka juu ya ziwa na milima.

Hapa, Mama, lazima nisimame nikwambie jambo nililokuficha. Ukiweza, mshike mkono huyu anayekusomea.

Redio ilisema watoto wawili. Kama wewe pia ulisikia, labda ulidhani wamekosea. Hawakukosea. Yule wa mwisho, niliyekimbia naye mgongoni, hayupo. Homa ilimshika tulipokuwa tumeshaingia Tanzania, kabla ya kuifikia Mbeya. Siku tatu tu. Wanakijiji wa pale, watu nisiowajua, walinichimbia shimo na mwanamke mmoja alitoa kanga yake tukamfungia. Sikuandika kwa sababu kila nikianza kalamu ilikataa. Unisamehe. Jina lake sitaliandika hapa. Unalijua. Kuna sababu, na utaiona.

Jumatano baada ya ile Jumapili, Faustin alikuja mbio mpaka kwenye masini yangu.

"Mama Sifa, kuko muntu amepiga. Anasema iko bwana yako. Zakaria. Amesema atapiga tena siku ya mposho, saa kumi."

Siku ya mposho ni Jumamosi. Sikulala, sikula. Nilishona sketi ya mtu nikaunga mkono mahali pa mfuko. Jumamosi nilivaa kile kitenge cha bluu, nikajipaka mafuta, nikapanda kilima na watoto. Saa kumi ile simu ikalia, Faustin akanipa.

"Mke wangu," sauti ikasema. "Ni mimi."

Mama, ile simu inafanya sauti ya mtu kuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Inakwenda, inakatika, inarudi. Na miaka imepita. Nilitaka sana iwe yeye. Nilianza kulia kabla sijajibu. Alisema amenitafuta kila mahali, alisema alisikia redio akapiga magoti. Alitaja jina lako. Alitaja Kiliba. Kila alichosema kilikuwa kweli. Kisha akaniuliza:

"Na batoto? Wote wawili ni wazima?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu. Nikaufunga.

Zakaria aliniacha na watoto watatu. Yule wa tatu alimbusu kichwani kabla ya kurudi milimani, na alikuwa mzima, anacheka. Zakaria hajui kwamba mtoto alikufa. Baba wa watoto watatu hawezi kuuliza kama wote wawili ni wazima. Anayejua wawili ni yule aliyesikia redio, na hajui kingine chochote.

Watoto walikuwa wananivuta kitenge, "Mama, na sisi! Tumsalimie Papa!" Nikawaziba midomo kwa mkono. Nikasema, "Ni wazima."

"Vizuri. Na mdogo wako, uko naye? Mnakaa upande gani wa kambi?"

Hapo nikajua anatafuta nini.

Mama, kitinda mimba wako hakufa. Najua mlimlilia. Ninamwandika sasa kwa sababu amekwisha kuondoka hapa, na hata mi sijui aliko, kwa hiyo barua hii haiwezi kumuuza. Wale wenye bunduki waliomchukua sokoni hawakumpa bunduki. Waliona amesoma, wakamkalisha kwenye foni, ile redio ya kupokea na kutuma maneno kati ya kambi zao. Miaka miwili masikio yake yalikuwa ya komanda. Siku moja alisikia komanda mwenyewe akitoa amri juu ya kijiji kimoja, na alisikia jibu lilipokuja jioni kwamba kazi imekwisha. Alitoroka juma lile. Alitembea mpaka akanikuta huku, akiwa na jina lingine. Sasa vita inaelekea kwenye meza za mazungumzo, na wakubwa wanataka mikono safi. Mtu aliyesikia amri kwa masikio yake ni mwiba kwao.

Nilimjibu yule mtu kwamba mdogo wangu sijamwona tangu vita. Kisha akasema pole pole, kwa upole kabisa, "Mama yako iko hapa karibu yetu. Anakusalimia. Fikiri vizuri. Nitakupigia mposho ijayo." Simu ikakatika.

Nilishuka kilima sioni njia. Watoto waliuliza Papa amesema nini. Nikawaambia rezo ilikuwa mbaya.

Mdogo alikuwa nyumbani anatengeneza kiti. Nilipomwambia hakuruka, hakulia. Aliweka nyundo chini taratibu kama inaweza kuvunjika. "Yaya," akaniita mimi dada yake, "muntu huyo anaongea namna gani? Anakohoa mbele ya kuanza neno?" Nikasema ndiyo.

Jumanne nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Lilongwe na Faustin, maana Kiingereza changu ni cha kuomba maji tu. Tulitembea mpaka barabara ya lami, tukapanda minibasi, tukafika City Centre kunako majengo ya vioo na mabenki. Kwenye biro yao ya mjini alitupokea mwanamke Mmalawi, mtu wa makamo, mpole. Nilimweleza yote, Faustin akatafsiri, na nikaona uso wake unabadilika.

Alitugeuzia mashine yake, ile wanaita kompyuta, yenye kioo kama televisheni. Alibonyeza herufi za jina langu. Mama, jina langu likatokea pale, linawaka. Na lako chini yake. Na Kiliba. Nilidhani fishi yangu iko ndani ya kabati ya mtu. Kumbe iliingizwa kwenye orodha ambayo mtu wa Ulaya, mtu wa Amerika, mtu wa Kigali, mtu yeyote aliye na mashine kama ile anaweza kuifungua akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nilijiona kama nimesimama uchi sokoni.

"Toeni," nikasema. "Waambie watoe."

Alibonyeza mara moja, mara mbili. Jina likazimika. Nikauliza, "Limetoka?"

"Hapa limetoka," akasema.

"Na kule?"

Faustin alitafsiri. Yule mama alinitazama. "Kwenye masikio ya watu siwezi kulitoa," akasema. Kisha akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Pepani, mayi. Pepani." Njo kusema pole kwa lugha yao. Aliandika barua kwa polisi wa kambi nihamishwe nyumba, na akanionya nisipokee tena ile simu.

Lakini ningeachaje kupokea? Alisema uko mikononi mwake. Siku nne zile, Mama, kila nikikata kitambaa niliona mikono yako. Nilifikiri njia zote za kukuonya. Foni ya parokia? Inasikika kwa kila mwenye foni, na wao ndio wenye foni nyingi. Simu? Nani kule ana simu, ila wafanyabiashara wanaokunywa nao? Njia ziko nyingi kuliko zamani, na hapakuwa na hata moja ya kumwambia mama yangu neno moja peke yake.

Jumamosi Mdogo alisema, "Ninapanda na wewe." Nikakataa. Akasema, "Kama ni yeye, lazima nijue. Siwezi kuishi nakisia." Watoto niliwaacha kwa jirani. Tulikaa kwenye mwamba na Faustin. Saa kumi ikalia.

Nilishika simu mbali kidogo na sikio, Mdogo akaweka kichwa chake kwenye changu, tukasikiliza pamoja kama tulivyokuwa tunalala wadogo. Yule mtu akakohoa. "Mke wangu, umefikiri?"

Nikahisi Mdogo anakauka mwili mzima. Alifinya mkono wangu mara moja. Njo yeye. Komanda mwenyewe. Hakumtuma mtu.

"Nataka kumsikia Mama yangu," nikasema.

"Huyu hapa."

Nikasikia vishindo, pumzi, kisha sauti ya mwanamke mzee inalia. "Nabintu. Mwanangu Nabintu."

Mama, nikalishtukia lile jina. Tangu nimzae Sifa wewe hujawahi kuniita Nabintu, unaniita Mama Sifa, hata ukiwa na hasira. Na sauti ile ilikuwa nyembamba, ya mtu wa milimani. Hakuwa wewe! Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Halafu furaha ikaniisha, kwa sababu mama wa mtu mwingine alikuwa amekaa pale, analia kilio cha kweli, na mi nashukuru kwamba ni yeye.

"Mwambie aseme ukweli," sauti ya komanda ikasema kwa nyuma. "Mwambie!"

Yule mama akaanza kwa Kiswahili, "Mwanangu, wanasema..." Kisha akageuza. Akaingia Kifuliiru, lugha ya milima ya kwetu, haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji kabla hajanyang'anywa ndoo. Alisema, "Mama yako mi simjui, hayupo hapa. Usiwaambie kitu, mtoto. Usikuje." Nikasikia kofi, ama kitu kilichoanguka, sijui. Akalia mara moja. Simu ikakatika.

Tulibaki na lile tofali mkononi. Kule chini kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, tunasikia vizuri.

Yule mama hanijui. Sina jina lake, sijui kwao, sijui kama siku ile aliiona jioni yake. Alikuwa na pumzi moja ya kujiombea, akaitumia kwa ajili yangu. Namkumbuka nikikata kitambaa, namkumbuka nikipika. Kama huko utasikia habari ya bibi kizee aliyechukuliwa wakati huo, uliza taratibu, ujue ni wa nani. Kama ana watoto, nataka wajue alichofanya.

Mdogo aliondoka kesho yake asubuhi na watu wanaokwenda kusini. Alinyoa nywele, akavaa shati la Zakaria. Hakuniambia anakwenda wapi, nami nilimkataza kuniambia. Nilimfungia mihogo ya kuchoma. Akasema, "Yaya, nikipata simu nitakupigia." Kisha tukatazamana, na yeye mwenyewe akasema, "Hapana. Sitapiga."

Faustin alivunja kile kikadi kidogo cha simu yake, akakitupa chooni, akapata namba nyingine. Mi nimehamia upande mwingine, karibu na kituo cha polisi. Mtu mgeni akisimama kwenye masini yangu nashika mkasi. Juzi mzungu wa kanisa alitoa kamera kupiga picha kwaya, nikamvuta Sifa nyuma ya ukuta kwa nguvu mpaka akalia. Ananiuliza kwa nini.

Sasa yako, Mama. Toka Kiliba. Usingoje mavuno. Nenda kwa yule dada yako anayesuka mikeka, unajua kwake, sipaandiki. Mtu akija na salamu zangu, si zangu. Akikupa simu na kusema Nabintu iko hapa, muulize huyo Nabintu jina la mtoto aliyelala njiani. Akishindwa, rudisha simu, ujifanye kizee asiyeelewa. Jibu lako usilitume kwa chochote chenye waya wala betri. Mwambie kwa mdomo huyu aliyekuletea barua, yeye anarudi kwa miguu yake.

Na kuna hili, ambalo linaniumiza kuliko woga. Jina langu limetolewa. Kama Zakaria anaishi, kama yuko porini ama kwenye kambi nyingine na sikio lake liko kwenye redio kila Jumapili, hatanisikia tena. Nilikuwa na mlango mmoja wa yeye kuingilia, nimeufunga kwa mkono wangu kwa sababu na fisi aliuona. Sijui kama nimefanya vema. Nimechagua watoto wawili nilio nao.

Juma lililopita alikuja mama mmoja wa Fizi, hajui kusoma, ameshika fishi. Anamtafuta binti yake. Aliomba nimjazie. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna mtu aliniuliza mimi: "Mbali na wewe, nani mwingine anamtafuta?"

Aliikunja ile fishi mara mbili. Nikadhani ataichukua karatasi aende. Akasema, "Andika tu, mwanangu. Heri akutwe na wote kuliko asikutwe na muntu."

Nikaandika. Sikuandika kijiji, sikuandika jina la mama, sikuandika simu. Niliandika jina la binti na maneno mawili ya wimbo wao wa kulalia, ambayo mtu mwingine hawezi kuyajua. Sijui kama yatatosha. Tangu siku hiyo wanakuja wengine, na kila mmoja namuuliza lile swali kwanza, na wengi wanarudi nyumbani na karatasi tupu.

Nisalimie Mama Mdogo msuka mikeka na mabinti zake. Nisalimie katekista, mwambie kwaya yetu bado inaimba nyimbo alizotufundisha. Nisalimie yule mama mkunga aliyempokea Sifa. Na baba mkwe wangu, kama alinusurika siku ile na bado ana macho ya kutembea, mfikie wewe mwenyewe, umwambie kwamba mke wa mtoto wake hajaolewa, na wajukuu wake wanajua jina lake.

Aliyebeba barua anaondoka asubuhi hii, amesimama mlangoni anafunga viatu. Karatasi imekwisha. Ukimaliza kusikia, Mama, ichomeni, na wewe uanze kufunga mizigo moto ukiwa bado unawaka.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.